Sikio la Kulia

Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilituishia saa nne na robo asubuhi, kilomita chache kabla ya kufika Mkata. Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Halikulia kama bomu, kama watu wanavyopenda kusimulia. Kwanza usukani ulianza kuvuta upande, kisha nikasikia mpira ukipiga lami, pwata, pwata, pwata, na mpwa wangu aliyekaa kando yangu akasema, "Mjomba, pancha hiyo." Niliwasha taa za tahadhari, nikalisogeza gari taratibu hadi kwenye majani, mbali na malori yanayopita pale kama yanakimbizwa.

Jeki ilikuwepo, spana ya magurudumu ilikuwepo, na spea ilikuwepo. Nilipoikanyaga spea ikabonyea. Ilikuwa imelala buti miezi mingi bila mtu kuipima upepo, na upepo ulikuwa umekwenda zake. Tulifungua nati, tukapandisha gari, tukakinga magurudumu mengine kwa mawe. Akapita kijana wa bodaboda. Matairi yote mawili yakafungwa nyuma kwa kamba za mpira, mpwa wangu akabanana katikati, wakaenda Mkata kumtafuta fundi pancha. Mimi nikabaki kulinda gari.

Gari lililo juu ya jeki halikaliwi. Nikachukua dumu tupu la maji la lita ishirini, nikaliweka chini ya mwarobaini, nikafungua mlango wa mbele wa kushoto na kuwasha redio. Redio ile ilikuja na gari kutoka Japani. Kioo chake kimeandikwa Kijapani na masafa yake yanaishia tisini, wakati vituo vingi vya kwetu viko juu ya hapo, kwa hiyo safari zangu zote hutegemea flashi. Wiki hiyo nilikuwa nimemwomba mpwa wangu anipakulie albamu tatu za ujana wa baba yangu: Rubber Soul na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band za Beatles, na Pet Sounds ya Beach Boys.

Jambo moja zaidi kuhusu gari hilo. Lina spika mbili tu, moja kila mlango wa mbele, na ile ya kulia ilikufa siku nyingi. Nilikuwa nimeizoea. Mtu akiendesha peke yake, spika moja inamtosha.

Wimbo wa Nowhere Man ulipofika, redio ikanyamaza. Nilitazama kioo, sekunde zilikuwa zinahesabu. Baada ya muda mfupi yakaingia magitaa, besi na ngoma, safi kabisa, lakini hakuna aliyekuwa anaimba. Wimbo huo naujua. Unaanza kwa sauti za watu watatu, bila chombo chochote, na hizo ndizo zilizokuwa hazipo. Nikarudi nyuma wimbo mmoja, nikarudi tena mwingine. Kote hadithi ile ile: bendi inapiga, waimbaji hawapo, au wanasikika kwa mbali kama watu walio ng'ambo ya mto. Nilidhani mpwa wangu amenipakulia nyimbo za kuimbia harusini, zile zilizoondolewa maneno.

Nikaruka hadi Pet Sounds, na hapo kila kitu kilikuwepo. Sauti, fidla, baragumu, ngoma, kengele, vyote vikitoka kwenye spika ile ile moja ya kushoto, vimepangana kama watu wa nyumba moja.

Ilinichukua dakika kadhaa pale juu ya dumu kuelewa. Mwaka 1965, stereo ilikuwa jambo la watu wachache. Wasikilizaji wengi walikuwa na redio au gramafoni yenye spika moja, na mafundi wa studio ya EMI pale Abbey Road walipotengeneza Rubber Soul ya stereo waliweka karibu sauti zote za waimbaji upande wa kulia na ala nyingi upande wa kushoto. Ukiwa na spika mbili unasikia wimbo mzima. Ukipoteza ya kulia, umempoteza John Lennon. Pet Sounds haina shida hiyo kwa sababu ilitengenezwa kwa mono tangu mwanzo: sauti moja, inayofanana kulia na kushoto.

Na sababu mojawapo ya kutengenezwa kwa mono ni kwamba Brian Wilson, aliyeitunga na kuiongoza, alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia tangu utotoni. Stereo aliijua kwa kuambiwa. Gari langu na yeye walikuwa na ulemavu mmoja, upande mmoja.

Nikazirudia albamu zile, safari hii kwa makini, kwa sikio la mtu yule.

Paul McCartney alizaliwa Liverpool tarehe 18 Juni 1942. Brian Wilson alizaliwa California tarehe 20 mwezi huo huo, siku mbili baadaye. Mmoja alikulia kwenye mji wa bandari wenye mvua, mwingine Hawthorne, kitongoji cha Los Angeles karibu na bahari. Bendi zao zilikutana kwenye lebo moja nchini Marekani, Capitol, na majina yao kwa alfabeti yanafuatana, hivyo hata kwenye masanduku ya duka la santuri walikaa bega kwa bega. Beach Boys waliingia Capitol 1962. Wakati huo nyimbo zao zilikuwa za mawimbi, magari na wasichana, na Capitol iliwaona kama dhahabu yake. Kisha mwaka 1964 Beatles wakatua. Tarehe 4 Aprili mwaka huo, nafasi tano za kwanza kwenye chati ya Billboard zilikuwa zao zote. Tarehe 4 Julai, Beach Boys wakajibu kwa kushika namba moja na I Get Around. Hapo ushindani ulikuwa bado wa namba tu.

Ushindani wa kweli ulianza kwenye masikio, na ulianza kwa ajali ya kibiashara. Rubber Soul ilitoka Uingereza tarehe 3 Desemba 1965 ikiwa na nyimbo 14. Capitol, kama ilivyokuwa desturi yao, waliikatakata kwa ajili ya Marekani. Waliondoa nne, zikiwemo Drive My Car na Nowhere Man, wakachomeka mbili za magitaa ya mbao zilizobaki kutoka albamu iliyotangulia. Walifanya hivyo kwa hesabu za mauzo. Lakini matokeo yake ni santuri iliyotulia, yenye hewa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyomfikia Brian Wilson.

Alikuwa na miaka 23. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1964, alishikwa na hofu kali ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, na baada ya hapo akaacha kusafiri na bendi. Wenzake walizunguka kupiga, yeye akabaki nyumbani kutunga. Aliposikia Rubber Soul, kilichomshika si wimbo fulani. Kilichomshika ni kwamba hakuna wimbo wa kujazia. Enzi hizo albamu ilikuwa nyimbo mbili zilizovuma redioni pamoja na nyingine kumi za kufukia shimo. Hii ilikuwa kitu kimoja. Alimwambia mkewe, Marilyn, kwamba atatengeneza albamu bora kuliko zote.

Mambo mawili hayo nayapenda sana: kwamba alisikia kitu ambacho hata Beatles hawakukipanga hivyo, na kwamba jibu lake halikuwa kukiiga.

Januari 1966, wenzake wakiwa ziarani Japani, aliingia studio na wapigaji wa kukodi, wale mafundi wa Los Angeles waliopiga kwenye nyimbo za kila mtu: Hal Blaine kwenye ngoma, Carol Kaye kwenye besi, na wengine wengi. Maneno aliandika na Tony Asher, kijana aliyekuwa akiandika matangazo ya biashara. Wilson alikusanya watu kumi, kumi na tano ndani ya chumba kimoja, wakapiga kwa pamoja, naye akisimama kwenye chumba cha mitambo akiwasikiliza kwa sikio lake moja na kuwasimamisha kila noti ilipoteleza. Muziki ule ulirekodiwa kwenye kanda yenye njia nne, ukachanganywa na kuwa njia moja kwenye mashine nyingine, ili njia zilizobaki zijazwe na sauti. Wenzake waliporudi kutoka ziarani walikuta karibu kila kitu kimepigwa tayari. Kazi yao ikawa kuimba, na waliimba kama malaika. God Only Knows alipewa mdogo wake, Carl, ambaye alikuwa na miaka 19.

Kuna kengele ya baiskeli na honi ya baiskeli kwenye You Still Believe in Me. Kuna makopo ya soda kwenye wimbo wenyewe wa Pet Sounds. Na wimbo wa mwisho, Caroline, No, unaanza kwa mdundo mzito, wenye mwangwi, kama mtu anayegonga mlango wa kisima. Hiyo ni chupa kubwa tupu ya maji ya kunywa, Hal Blaine akiipiga kwa kirungu. Nilikuwa nimekalia dumu. Nikainuka, nikaligeuza, nikalipiga kwa kiganja karibu na mdomo. Halikuwa mbali. Ukilipiga katikati linatoa sauti bapa, ukilipiga kwenye bega lake, pale plastiki inapokuwa nene, linaitika ndani kwa ndani. Nilikaa pale nikitafuta mahali penyewe hadi dereva mmoja wa lori akapiga honi kunisalimu.

Pet Sounds ilitoka tarehe 16 Mei 1966. Marekani ilifika namba 10 tu, na Capitol, kabla hata miezi miwili haijatimia, wakatoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za bendi hiyo hiyo, ukagombania nayo rafu. Kwao albamu haikuwa na bahari wala magari, hawakujua waiuzeje. Uingereza ilipanda hadi namba 2. Bruce Johnston wa Beach Boys alikuwa amesafiri hadi London mwezi huo huo akiwa na santuri mkononi, na hotelini kwake wakaja Lennon na McCartney kuisikiliza. Walikaa kimya hadi mwisho, wakaomba irudiwe.

McCartney hakuwahi kuficha kilichofuata. Ameeleza mara nyingi kwamba God Only Knows ni miongoni mwa nyimbo anazozipenda kuliko zote, na kwamba aliwanunulia watoto wake kila mmoja nakala ya Pet Sounds kama sehemu ya elimu yao. Kama mpigaji besi, alisikia kwamba besi ya Wilson haikai pale mtu anapoitegemea. Badala ya kusimama kwenye noti ya mzizi, inasimama kando, wimbo mzima unaning'inia kidogo hewani. Sikiliza besi ya Sgt. Pepper baada ya hapo utaisikia ikitembea vivyo hivyo. Kabla ya hapo, Juni 1966, alirekodi Here, There and Everywhere, na yeye mwenyewe alisema Beach Boys walikuwa kichwani mwake.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam tuna kipimo chetu cha mambo haya: bendi za Msondo na Sikinde. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilipoundwa mwaka 1978, mashabiki waligawanyika kama timu za mpira, na hadi leo mtu mzima anaweza kukunja uso akisikia wimbo wa upande wa pili. Lakini bendi zetu zilinyang'anyana watu. Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili, Hassan Bitchuka kadhalika, na kila aliyehama alibeba kitu cha kule alikotoka. Beatles na Beach Boys hawakunyang'anyana mwanamuziki hata mmoja. Kati yao ilipita santuri tu, kwenye bahasha, baharini. Kila kilichochukuliwa kilichukuliwa kwa kusikiliza, na kwa hiyo ilibidi msikilizaji awe na kazi ngumu kuliko mwizi.

Saa sita kasoro bodaboda ilirudi. Mpwa wangu alikuja na fundi mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na ushee, mikono myeusi kwa vumbi la mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Habari ya kazi?"

"Nzuri mzee, ila tairi lako hili halizibiki."

Aliliegemeza kwenye goti akanionyesha. Ubavu ulikuwa umechanika urefu wa kiganja, na pembeni mwa mchaniko kulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Meno ya tairi yalikuwa bado marefu, na ndiyo maana nililiamini. Fundi akasugua ubavu kwa kidole kilichotemewa mate hadi zikatokea tarakimu nne ndani ya kijisanduku: 1113. Akanieleza bila haraka. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya kumi na moja ya mwaka 2013. Mpira unazeeka hata ukiwa ghalani, mafuta yake yanakauka, kamba za ndani zinaachana, kisha jua la barabarani linamalizia. "Meno hayasemi umri, mzee. Muulize mwenye duka akusomee hizi." Aliyeniuzia hakunisomea, na mimi sikujua kuuliza. Naandika hapa ili msomaji aende akachutame kando ya gari lake leo hii.

Spea ilikuwa na kasoro ndogo tu kwenye vali. Aliibadilisha, akajaza upepo, akaifunga. Nati hakuzikaza kwa kufuata mduara. Alikaza moja, akavuka hadi iliyo mkabala, akarudi, akavuka tena, ili rimu ikae sawasawa. Muda wote redio ilikuwa ikiendelea. Nowhere Man ikarudi, bila waimbaji, na fundi, akiwa amepiga magoti, akaanza kutoa sauti puani kwa kufuata gitaa, akiweka juu yake wimbo wake mwenyewe. Haukuwa wa Lennon. Ulikaa vizuri ajabu.

Tulipoondoka niliweka Sgt. Pepper. Hiyo nayo stereo yake ina nyimbo zilizogawanywa pande mbili, hivyo ilikuja nusu nusu, lakini nilikuwa nimeshaanza kupenda kuzisikia hivyo, kama kumtembelea mtu anayejenga ukaona nondo kabla ya plasta.

Beatles walipiga onyesho lao la mwisho la kulipia San Francisco tarehe 29 Agosti 1966, wakaacha ziara, kama Wilson alivyoacha. Wiki sita baadaye Wilson akatoa Good Vibrations, wimbo mmoja uliorekodiwa vipande vipande katika studio nne kwa muda wa miezi saba hivi, ukaunganishwa kwa wembe na gundi ya kanda. Ulishika namba moja Marekani na Uingereza. Mwisho wa mwaka huo wasomaji wa gazeti la muziki la NME, tena Waingereza, waliwachagua Beach Boys kuwa kundi bora la waimbaji duniani, mbele ya Beatles.

Jibu kutoka Abbey Road, Sgt. Pepper, lilichukua kama saa 700 za studio. Watu hao hao, tarehe 11 Februari 1963, walikuwa wamerekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza kwa siku moja. Mashine zao bado zilikuwa na njia nne tu, wakati Los Angeles zilishakuwepo za njia nane. Walipotaka kuongeza wapigaji 40 wa okestra kwenye A Day in the Life, fundi Ken Townsend alilazimika kubuni namna ya kuzifanya mashine mbili zizunguke kwa pamoja. Kwenye Strawberry Fields Forever, Lennon alipenda mwanzo wa rekodi moja na mwisho wa nyingine, na rekodi hizo zilikuwa na kasi tofauti na ufunguo tofauti. George Martin na Geoff Emerick wakaharakisha moja, wakapunguza nyingine, hadi zikakutana. Mahali pa kiungo pako kwenye dakika ya kwanza, na wengi wamepita juu yake maisha yao yote bila kukisikia. George Martin alisema wazi kwamba bila Pet Sounds, Sgt. Pepper isingekuwepo, kwamba ilikuwa juhudi ya kuifikia.

Tulipita Segera, tukakata kulia kuelekea Hale. Nikamsimulia mpwa wangu habari ya Brian Wilson kusimamisha gari, maana siku ile ilinijia yenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa 1963. Alikuwa anaendesha, redio ikapiga Be My Baby ya Ronettes, kazi ya Phil Spector, na ikambidi aegeshe kando asikilize. Aliupiga wimbo huo nyumbani kwake miaka na miaka, akitafuta jinsi ulivyojengwa. Ukuta wote wa Pet Sounds una matofali ya pale.

Mara ya pili ilikuwa mwanzoni mwa 1967. Wakati huo alikuwa katikati ya albamu ya kuipita Pet Sounds, aliyoiita Smile, akiandika na Van Dyke Parks. Redio ya gari ikapiga Strawberry Fields Forever. Rafiki aliyekuwa naye alisimulia baadaye kwamba Wilson aliegesha, akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema kwamba jamaa wamekwisha kukifanya kile alichotaka kukifanya, na pengine amechelewa.

Mei 1967 ilitangazwa kwamba Smile haitatoka. Sgt. Pepper ilikuwa madukani kabla ya Juni kuanza kutembea.

Wapo wanaohesabu hapo kwamba Beatles walishinda. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na inanikera. Smile ilikuwa inazama kwa mizigo mingine: kesi na Capitol, dawa za kulevya, ugomvi ndani ya bendi juu ya maneno ya Parks, na Parks mwenyewe kuondoka. Kulikuwa pia na maradhi ya akili ambayo Wilson aliyazungumza hadharani alipokuwa mtu mzima. Novemba 1966 alikuwa amerekodi kipande kuhusu moto, wapigaji wakiwa wamevaa kofia za wazima moto, na aliposikia kwamba jengo la jirani limeungua aliogopa muziki wake mwenyewe. Mtu katika hali hiyo anaweza kuvunjwa na wimbo wowote mzuri. Na McCartney alikuja. Aprili 1967 alifika studio Los Angeles, Wilson akiwa kazini, akakaa kwenye piano akampigia She's Leaving Home kabla dunia haijaisikia. Mtu hampelekei adui kazi ambayo haijatoka.

"Sasa hiyo Smile ilipotea?" mpwa wangu aliuliza.

Haikupotea. Februari 2004, Wilson akiwa na miaka 61, aliipiga nzima jukwaani London kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo akaitoa. Kanda za zamani zenyewe zilitolewa 2011. Mwaka 2000 alipoingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo huko New York, aliyesimama kumtambulisha alikuwa Paul McCartney. Wilson alifariki tarehe 11 Juni 2025, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 83.

Tanga tulifika jioni. Asubuhi yake nilinunua tairi, nikiwa nimechutama dukani kusoma tarakimu kabla ya kuuliza bei, kisha nikampelekea gari fundi wa redio mtaa wa pili. Alivuta bati la mlango wa kulia, akaingiza mkono pale mlango unapokunjika, akatoa waya uliokatika. Miaka yote hiyo ilikuwa waya. Aliuunga, akaufunga kwa utepe mweusi, nikawasha Nowhere Man. Wale watu watatu wakaingia kwa pamoja, upande wa bega langu la kulia, karibu kiasi kwamba niligeuka kuwatazama.

Tuliisikiliza Pet Sounds hadi mwisho kabisa, pale Caroline, No inapokwisha, treni inapita na mbwa wanabweka. Ni mbwa wa nyumbani kwa Wilson, Banana na Louie. Baada ya hapo Sgt. Pepper, hadi ule mlio wa mwisho wa piano tatu na kinanda uliochukua zaidi ya sekunde arobaini kufifia. Ukishafifia kuna kitu kingine ambacho Beatles walikiweka kwenye santuri ya Uingereza: mlio mwembamba wa karibu mizunguko 15,000 kwa sekunde, uliowekwa kwa ajili ya mbwa, na ambao masikio ya watu wazima wengi hayaufikii. Mmoja alimaliza albamu yake kwa mbwa wanaosikika, wenzake wakaimaliza yao kwa sauti ya kusikiwa na mbwa.

Piano ikazimika. Nilikaa nikisubiri, spika zote mbili zikiwa nzima, nisisikie chochote. Kando yangu mpwa wangu akakunja uso, akaziba sikio la kulia kwa kiganja.

"Mjomba," akasema, "hiyo filimbi inatoka wapi?"